Namna ya Kukusanya Santuri Adimu za Soul na Funk na Kuwashirikisha Wengine

Maswali ya wanaoanza kukusanya santuri adimu za soul na funk, mitindo ya muziki wa Wamarekani weusi, hayabadiliki: wanunue mashine gani, watajuaje kama nakala waliyoishika ni ya awali au ya magendo (iliyochapwa bila idhini), bei wanayotajiwa ni ya haki au wanapunjwa, na je, wanaruhusiwa kuuweka wimbo mtandaoni ili wengine nao wausikie. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Unahusu hasa santuri za inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika, ambazo kampuni ya RCA Victor ilizitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1949, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki adimu wa aina hii uliorekodiwa Marekani katika miaka ya 1960 na 1970 haikuwahi kutolewa wakati huo katika umbo jingine. Lebo ndogo, yaani kampuni ndogo za kutoa santuri, za Detroit, Chicago, Memphis, New Orleans au Cincinnati zilichapa nakala mia chache au elfu moja, zikapeleka baadhi kwenye vituo vya redio vya jirani, nyingine zikauzwa mlangoni bendi zilipopiga, na zilizosalia zikaishia kwenye maghala na vyumba vya chini vya nyumba.

Msimamo wangu ni kwamba kazi kubwa ya mkusanyaji ni kusoma na kuandika, na kusikiliza huja baadaye. Anayejua kuisoma santuri kwa macho hapunjwi ovyo, na anayeandika alichokisoma huwafaa wenzake kuliko anayetupia mtandaoni faili la sauti lisilo na maelezo yoyote.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Mashine ya santuri ambayo mkono wake unaweza kurekebishwa uzito. Epuka mashine ndogo za mkobani ambazo uzito wa sindano yake umefungwa na haubadiliki, kwa maana nyingi hukandamiza mifereji ya santuri (mistari iliyochongwa yenye sauti) kuliko inavyostahimili.
- Kizibo cha tundu la katikati. Santuri nyingi za Marekani za mizunguko 45 zina tundu pana la milimita 38, na bila kizibo hazitakaa sawa.
- Sindano mbili ikiwezekana: moja yenye ncha ya mviringo na nyingine yenye ncha ya umbo la yai. Sababu itaelezwa katika hatua ya tatu.
- Mizani ndogo ya kupimia uzito wa sindano.
- Kikuzaji cha awali cha santuri, kama hakimo tayari ndani ya mashine au amplifaya yako.
- Kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta na programu ya kurekodi. Audacity ni ya bure na inatosha.
- Tochi ndogo na kioo cha kukuzia.
- Maji yaliyokenekwa, brashi laini na vitambaa visivyoacha nyuzi. Maji ya bomba huacha chumvi kwenye mifereji.
- Bahasha mpya za ndani za karatasi au za polithini. Bahasha za plastiki ya PVC zisitumike kabisa, kwani baada ya miaka kemikali zake huweza kuacha ukungu kwenye santuri usiofutika.
- Daftari, au jedwali kwenye kompyuta.

Tochi na kioo ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu zaidi hapo juu, na ndivyo vitakavyokuokolea fedha nyingi zaidi.

Hatua ya 1: Chagua eneo moja na ulijue vizuri

Anayeanza hutaka kila kitu kwa pamoja: soul ya taratibu ya Kusini, nyimbo za kasi zilizopendwa na wacheza dansi wa Northern Soul, yaani mashabiki wa soul adimu ya Marekani nchini Uingereza, funk nzito ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Matokeo yake ni rundo la santuri asizozielewa. Chagua mji mmoja, lebo moja au kipindi cha miaka michache, kisha uisake orodha nzima ya matoleo yake. Kwa santuri za inchi 7, tovuti za 45cat na Discogs zina orodha za lebo zilizopangwa kwa namba, na kwa kuzipitia utaanza kuona majina yanayojirudia: mtunzi yule yule, mpangaji ala yule yule, anwani ya ofisi ile ile chini ya lebo tatu tofauti. Majina hayo ndiyo yatakayokuongoza kwenye santuri ambazo hakuna aliyekutajia.

Soma pia pande zote mbili. Vibao vingi vya funk viligawanywa katika sehemu ya kwanza na ya pili kwa sababu upande mmoja wa santuri ndogo hautoshi kwa wimbo mrefu. "Cold Sweat" ya James Brown ya mwaka 1967 ilitolewa hivyo. Upande wa pili ndio mara nyingi wenye upigaji mrefu wa ala. Mfano ulio maarufu zaidi ni "Amen, Brother" ya kundi la The Winstons la mwaka 1969, iliyowekwa upande wa B wa "Color Him Father". Upande wa A ulipata umaarufu wakati ule, lakini sekunde chache za ngoma peke yake za Gregory Coleman kwenye upande wa B ndizo zilizokuja kukatwa na kurudiwa katika rekodi nyingi mno za hip hop na za muziki wa kielektroniki.

Hatua ya 2: Soma lebo, kisha soma ukanda mtupu

Hapa ndipo wengi huharakisha, nami nakuomba usiharakishe.

Anza na lebo ya karatasi. Nakili kila kitu kilichopo: jina la msanii kama lilivyoandikwa hata kama limekosewa, jina la wimbo, watunzi, kampuni ya haki za utunzi, mtayarishaji, muda wa wimbo, namba ya toleo, na anwani ikiwapo. Lebo nyeupe au yenye maandishi yanayosema kwamba nakala hiyo si ya kuuzwa kwa kawaida ni ya watangazaji wa redio. Wakati mwingine nakala hizo ni nyingi kuliko za dukani, kwa sababu kampuni zilizigawa na wimbo ukafia hapo. Kwa hiyo usikubali kulipa zaidi kwa sababu tu lebo ni nyeupe.

Kisha washa tochi, uimulike santuri kwa pembeni, na usome ukanda mtupu ulio kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Hapo kuna namba na alama zilizochongwa kwa mkono au kupigwa kwa muhuri. Lebo ingeweza kubandikwa jina lolote, lakini alama hizi hukueleza santuri ilichongwa na kuchapwa wapi. Pembetatu ndogo ikifuatiwa na namba huonyesha kazi ya kiwanda cha Monarch cha Los Angeles, na kwa kuwa namba hizo zilipanda kadiri miaka ilivyokwenda, husaidia kukadiria tarehe ya santuri isiyo na mwaka. Muhuri wa Bell Sound hutokana na studio ya New York, na ule wa Nashville Matrix hujieleza kwa jina lake. Kampuni ya Rite ya Cincinnati ilichapa santuri kwa yeyote aliyelipia, ndiyo maana namba zake hukutwa kwenye nyimbo za kanisani, za shule na za bendi za funk za mitaani, na orodha za namba hizo ni hazina kwa anayetafuta tarehe.

Onyo: usichanganye namba ya toleo iliyo kwenye lebo na namba iliyo kwenye ukanda mtupu. Ziandike katika safu mbili tofauti za jedwali lako. Mnunuzi au mtafiti anayekuja baada yako huhitaji ile ya pili zaidi kuliko ya kwanza.

Hatua ya 3: Tambua santuri imetengenezwa kwa nini

Si kila santuri ya inchi 7 ni ya vinili. Viwanda kadhaa vya Marekani vilitumia polistairini, plastiki ngumu inayomiminwa kwenye kalibu ikiwa imeyeyuka. Lebo ya santuri ya vinili hushikana na plastiki wakati wa kukandamizwa, ilhali ya polistairini aghalabu hubandikwa kwa gundi baadaye. Ukiona lebo imeanza kubanduka ukingoni, una polistairini mkononi. Dalili nyingine ni ukingo wa nje ulio butu, ugumu usiokubali kunyumbuka, na mlio mkali ukiigonga taratibu kwa ukucha. Usiipime kwa kuipinda, kwani itapasuka.

Tofauti hii ina maana kubwa katika matumizi. Polistairini huliwa upesi na sindano, na kuirudisha nyuma na mbele kwa mkono ili kutafuta mwanzo wa wimbo, kama wafanyavyo madijei, huacha mwanzoni mwa wimbo sauti ya kukwaruza isiyoondoka. Tumia sindano ya ncha ya mviringo kwa santuri hizi na uiache ile ya umbo la yai kwa vinili. Santuri ya polistairini inayong'aa kabisa inaweza kusikika vibaya, na hilo ndilo jambo linalowaumiza wanunuzi wapya zaidi ya jingine lolote. Mwombe muuzaji akusikilizishe kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Tafuta, linganisha, ndipo ununue

1. Andika wimbo unaoutaka pamoja na lebo na namba yake, kwa sababu wasanii wengi walirekodi wimbo uleule zaidi ya mara moja, na lebo ndogo iliyopata mafanikio mara nyingi iliuza haki kwa kampuni kubwa iliyoutoa upya chini ya jina lake.
2. Tazama historia ya mauzo, na wala si bei zinazoombwa. Discogs huonyesha bei za mauzo yaliyokamilika, na tovuti ya Popsike hukusanya matokeo ya minada. Bei inayoombwa na mtu ambaye hajauza haikuambii lolote isipokuwa matumaini yake.
3. Linganisha picha ya lebo na ya ukanda mtupu na nakala iliyothibitishwa. Nakala za magendo zilienea Uingereza katika miaka ya 1970, wakati kumbi za dansi za Northern Soul kama Wigan Casino, iliyofunguliwa mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1981, zilipoifanya santuri moja kutoka Marekani itafutwe na maelfu. Dalili zake ni herufi za lebo zilizofifia kama zilizopigwa picha, namba zilizochongwa kwa mkono mahali ambapo nakala ya awali ina muhuri, au vinili mahali ambapo ya awali ni polistairini.
4. Amua unachokinunua: muziki au kitu chenyewe. "Do I Love You (Indeed I Do)" ya Frank Wilson, iliyochapwa mwaka 1965 na lebo ya Soul iliyokuwa chini ya kampuni ya Motown, inajulikana kwa nakala za awali zinazohesabika kwa vidole, na mwaka 2009 moja iliuzwa kwa pauni 25,742. Wimbo huohuo ulitolewa upya Uingereza na Tamla Motown mwaka 1979, na nakala hiyo ya baadaye hupigika vizuri kabisa.

Sioni aibu yoyote katika kununua toleo jipya. Kampuni kama Numero Group ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 2003, Jazzman ya London, na Kent iliyo chini ya Ace Records, zimefanya kazi ya kuwatafuta wenye haki na wanamuziki wenyewe, na vijitabu vyao mara nyingi vina habari usizoweza kuzipata penginepo. Numero ilianza mfululizo wake wa soul kwa kukusanya rekodi za Capsoul, lebo ndogo ya Columbus, Ohio. Anayeanza akisoma vijitabu vitatu vya namna hiyo atakuwa amejifunza mengi kuliko kwa kushiriki minada mwaka mzima.

Hatua ya 5: Pima hali ya santuri kwa kipimo kinachoeleweka

Tumia kipimo cha Goldmine, jarida la wakusanyaji wa santuri, ambacho wauzaji wengi wa Marekani wanakifuata: M kwa santuri isiyoguswa, NM kwa iliyo karibu na hiyo, kisha VG+ (zaidi ya nzuri sana), VG (nzuri sana), G (nzuri) na P (mbovu). Usidanganywe na majina, maana santuri ya daraja la G imechakaa kweli. Kwa kawaida VG+ huthaminiwa kwa takriban nusu ya bei ya NM, na VG kwa robo, ingawa uwiano huo huvunjika pale ambapo nakala zinazojulikana duniani hazifiki kumi.

Pima kwa macho chini ya mwanga mkali, kisha pima kwa masikio, na uandike yote mawili. Mkwaruzo unaoonekana lakini hausikiki uuseme; kelele isiyo na mkwaruzo uiseme pia. Maandishi ya kalamu, vibandiko na mihuri ya redio kwenye lebo vitajwe, ila visifutwe. Jina la kituo cha redio lililopigwa muhuri mwaka 1968 ni ushahidi wa mahali santuri ilipofika, na aliyelifuta ili lebo ipendeze ameondoa habari isiyorudi.

Hatua ya 6: Safisha kabla ya kupiga

Usiweke sindano kwenye santuri iliyotoka ghalani kabla ya kuisafisha, kwani mchanga uliomo hukwaruza mifereji pale pale.

1. Ondoa vumbi la juu kwa brashi kavu ukifuata mzunguko wa mifereji.
2. Changanya maji yaliyokenekwa na matone machache ya sabuni isiyo na manukato wala rangi.
3. Lowesha uso wa santuri, ukiikinga lebo kwa kiganja au kwa kifuniko cha duara, kisha sugua taratibu kwa kuzunguka.
4. Suuza kwa maji yaliyokenekwa yasiyo na sabuni.
5. Kausha kwa kitambaa, uiache isimame wima hadi ikauke kabisa, na uiweke kwenye bahasha mpya.

Onyo: usitumie spiriti kwenye polistairini, na kwa vyovyote vile usiitumie kwenye sahani za majaribio zilizochongwa studioni moja kwa moja, ambazo ni bamba la alumini lililopakwa laka. Sahani hizo hutambulika kwa uzito wake na kwa lebo iliyoandikwa kwa mkono au kwa taipureta. Huchakaa kila zinapopigwa, kwa hiyo zirekodi mara ya kwanza unapozipiga, kisha uzihifadhi.

Hatua ya 7: Rekodi sauti kwenye kompyuta

Pima uzito wa sindano kwa mizani na ufuate kiwango kilichopendekezwa na mtengenezaji wake. Uzito mdogo mno huharibu mifereji kama uzito mkubwa, kwa kuwa sindano hurukaruka ndani yake. Hakikisha kasi ni mizunguko 45 kamili. Kisha rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96. Dakika moja ya sauti ya njia mbili (stereo) katika kiwango hicho huchukua takriban megabaiti 35, kwa hiyo wimbo wa dakika tatu hufika kama megabaiti 104. Ukiuhifadhi kwa mfumo wa FLAC, faili hupungua sana bila kupoteza kitu.

Weka kiwango cha sauti ili sehemu kali zaidi ya wimbo ibaki karibu na desibeli 6 chini ya kilele. Sauti iliyopasuka kwa kuzidishwa wakati wa kurekodi haitengenezeki baadaye, ilhali iliyo chini kidogo huinuliwa bila madhara.

Santuri nyingi za inchi 7 za miaka ya 1960 ni za njia moja (mono). Hata hivyo zirekodi kwa njia mbili, kwa sababu kuta mbili za mfereji hazichakai sawasawa. Baadaye unaweza kuchagua upande ulio safi zaidi, au kuziunganisha njia hizo mbili, jambo linalofuta sehemu ya kelele zinazotokana na sindano kupanda na kushuka.

Hifadhi faili la kwanza bila kuligusa. Fanya marekebisho kwenye nakala yake, na uyafanye kwa kiasi: ondoa milio mikubwa mmoja mmoja kwa mkono, na ujizuie kutumia kiondoa kelele kwa nguvu. Ngoma za funk hupoteza makali yake upesi chini ya programu hizo, matoazi yakaanza kusikika kama maji yanayochuruzika.

Hatua ya 8: Andika taarifa na upige picha za lebo

Skani lebo zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, na upige picha ya ukanda mtupu kwa mwanga wa pembeni. Katika jina la faili weka lebo, namba ya toleo, msanii na wimbo kwa mpangilio usiobadilika. Ndani ya faili la sauti ongeza watunzi, mtayarishaji, namba ya ukanda mtupu, mashine na sindano uliyotumia, pamoja na tarehe ya kurekodi. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayoachwa kwanza mtu anapochoka. Afadhali kurekodi santuri chache kwa wiki zikiwa na taarifa kamili kuliko kujaza diski kwa mafaili yanayoitwa "wimbo mpya 3".

Onyo kuhusu majina ya uongo: madijei wa Northern Soul walikuwa na desturi ya kufunika lebo na kumbatiza msanii jina la kubuni ili washindani wasiipate santuri hiyo. Mbinu hiyo iliwafanya watu wasake kwa bidii, hilo siwezi kulikana, lakini majina hayo bado yanazunguka kwenye kanda za zamani na kunakiliwa kama ya kweli. Ukikutana na msanii asiyeonekana kwenye orodha yoyote ya lebo, chukulia kwanza kwamba jina lake lilibuniwa, kisha utafute kwa maneno ya wimbo.

Hatua ya 9: Shirikisha wengine bila kuvunja haki za watu

Anza na kinachoruhusiwa bila shaka. Ingiza toleo lako kwenye hifadhidata za wakusanyaji likiwa na namba zote, sahihisha makosa ya walioingiza kabla yako, badilishana santuri zenyewe na wenzako, na uzipige mbele ya watu kwenye ukumbi wenye leseni ya muziki. Hayo yanatosha kumfanya mkusanyaji awe na manufaa.

Kuweka sauti mtandaoni ni suala jingine. Nchini Marekani, rekodi zilizofanywa kabla ya tarehe 15 Februari 1972 zilikuwa nje ya sheria ya shirikisho ya hakimiliki hadi sheria iitwayo Music Modernization Act ilipopitishwa mwaka 2018. Kwa mujibu wa sheria hiyo, rekodi zilizotolewa kati ya mwaka 1957 na tarehe hiyo ya 1972 zinalindwa hadi tarehe 15 Februari 2067, yaani sehemu kubwa ya muziki ambao mwongozo huu unauzungumzia. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ulinzi wa rekodi ni miaka 70 tangu kutolewa; hata hivyo zilizotolewa hadi mwisho wa mwaka 1962 zilikuwa zimekwisha kutoka kwenye ulinzi kabla muda huo haujaongezwa kutoka miaka 50. Haki za mtunzi wa wimbo huhesabiwa peke yake, na huko Ulaya kwa kawaida huendelea miaka 70 baada ya kifo chake.

Sheria hiyo ya Marekani ina mlango mmoja ambao wakusanyaji wachache wanaujua. Ukitaka kutumia rekodi ya kabla ya 1972 bila lengo la biashara, na baada ya kuitafuta kwa nia njema ukakuta haiuzwi wala haitolewi popote kibiashara, unaweza kuwasilisha taarifa kwenye ofisi ya hakimiliki ya Marekani na kusubiri siku 90. Mwenye haki asipopinga ndani ya siku hizo, unaruhusiwa kufanya matumizi uliyoyataja kwenye taarifa yako. Ruhusa hiyo inahusu rekodi peke yake. Utunzi unabaki na mwenyewe.

Dai linalosambaa kwamba sekunde 30 za wimbo ni halali siku zote halina msingi kisheria, na pia kuandika chini ya wimbo kwamba haki si zako hakukupi ruhusa.

Jitahidi kuwatafuta wanamuziki. Majina ya watunzi kwenye lebo na kumbukumbu za mashirika ya haki za utunzi kama BMI na ASCAP ni mahali pa kuanzia. Gregory Coleman, yule mpiga ngoma wa The Winstons aliyetajwa katika hatua ya kwanza, alifariki mwaka 2006 bila kulipwa chochote kwa zile sekunde zake za ngoma. Kiongozi wa kundi hilo, Richard Spencer, alikabidhiwa pauni 24,000 mwaka 2015, fedha zilizotokana na mchango wa hiari wa wapenzi wa muziki. Ukimpata mwanamuziki, mweleze ulichonacho, umpe nakala ya sauti, na usichapishe mawasiliano yake.

Hatua ya 10: Hifadhi na utume kwa uangalifu

Simamisha santuri wima, zisibanane wala kulegea, mbali na jua na unyevu. Unapotuma kwa posta, weka santuri kati ya kadibodi mbili ngumu zilizo kubwa kuliko yenyewe, uibane isicheze ndani, na uandike thamani yake halisi. Kwa santuri kubwa ya inchi 12, itoe nje ya jalada kwanza, la sivyo ukingo wake utalipasua jalada njiani.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Sauti ni nyembamba, haina besi, na iko chini sana. Umeunganisha mashine bila kikuzaji cha awali. Tangu kiwango cha mwaka 1954 cha RIAA, chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa wakati wa kuchonga, na kikuzaji hicho ndicho kinachozirudisha mahali pake. Kama sauti ni nzito kupita kiasi na imepasuka, huenda una vikuzaji viwili vinavyofuatana, zima kimoja.

Kuna mvumo usiokoma. Angalia waya wa ardhi kati ya mashine na kikuzaji, kisha usogeze mashine mbali na vifaa vya umeme.

Sindano inaruka mahali palepale. Safisha santuri tena, kagua mfereji kwa kioo, na uongeze uzito wa sindano bila kuvuka kiwango cha juu cha mtengenezaji. Kuweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ni ushauri wa zamani unaopaswa kupuuzwa.

Sauti inakwaruza zaidi kuelekea mwisho wa wimbo. Mifereji ya ndani hubana zaidi na huchakaa mapema. Jaribu sindano ya ncha tofauti, kwa vinili hasa ile ya umbo la yai, kwa sababu hugusa sehemu ya ukuta ambayo ya kwanza haikufika.

Wimbo unapanda na kushuka kama unaoyumba. Tundu halikutobolewa katikati kamili. Tundu la milimita 38 hukupa nafasi kidogo: ondoa kizibo, ikalishe santuri kwa kuitazama sindano hadi mkono uache kucheza kushoto na kulia, kisha urekodi.

Inatatarika hata baada ya kuoshwa mara mbili. Ikiwa ni vinili, rudia kwa maji safi, kwa kuwa mara nyingi ni sabuni iliyokaukia ndani. Ikiwa ni polistairini na kelele inafuata sauti ya mwimbaji, ikiongezeka anapopaza, mfereji umeshaliwa. Ishushe daraja kwenye jedwali lako, na utafute nakala nyingine.